Modeli Kabla ya Msimbo: Kutoka Mosoriot hadi Rwinkwavu

Tukifundishwa uhandisi wa programu unaoongozwa na modeli, huanza na Marekani. Mwaka 1997 shirika la Object Management Group lilipitisha lugha ya michoro ya UML, na mwaka 2001 likatangaza mpango wake wa MDA: mhandisi achore kwanza modeli ya mfumo, kisha msimbo utolewe kwenye modeli hiyo. Yote ni kweli. Lakini historia ikiishia hapo, mwanafunzi wa Kigali hubaki akidhani kwamba fikra hii ililetwa kwetu kama mtumba. Katika insha hii ninadai kwamba ndugu yake wa karibu alikulia hapa Afrika Mashariki, tena kwa sababu za hapa hapa.

Nilianza kulifuatilia jambo hili kwa aibu. Katika mwaka wa pili, kikundi chetu cha watu wanne kilitengeneza mfumo mdogo kwa ajili ya zahanati moja hapa mjini. Kila swali la fomu yao tulilipa safuwima yake katika jedwali. Siku ya kuuonyesha, muuguzi mkuu akatoa fomu mpya: maswali mawili yameondolewa, matano yameongezwa. "Wanangu," akasema, "si mtaandika tu hapo pembeni?" Tulihitaji wiki tatu kubomoa hifadhidata, kurasa na ripoti.

Mosoriot, kituo cha afya kilichoko karibu na Eldoret nchini Kenya, kilipata mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa mwaka 2001, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Ulitengenezwa kwa Microsoft Access na ulitosha kuandikisha wagonjwa na matembezi yao. Mwaka huohuo ulianza mpango wa AMPATH wa kutibu watu wenye VVU, na matibabu hayo yana maswali yasiyokwisha: dawa, kipimo cha CD4, uzito, lishe, mimba, kifua kikuu. Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa taasisi ya Regenstrief, Indianapolis, walifika Eldoret. Badala ya kuviraka viraka mfumo wa zamani, walianza na modeli ya data. Huko kwao walikuwa na urithi: Regenstrief ilikuwa na mfumo wa kumbukumbu tangu 1972, chini ya Clement McDonald, uliotegemea kamusi ya istilahi.

Modeli hiyo ndiyo moyo wa OpenMRS, na ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Lipo jedwali moja la uchunguzi, na kila mstari unasema mambo machache tu: mgonjwa yupi, lini, dhana ipi, jibu lipi. Dhana zenyewe zimo katika kamusi. Kila moja ina namba, majina katika lugha mbalimbali, aina ya jibu, na ikiwa ni kipimo, kiwango cha chini na cha juu kinachokubalika. Swali jipya likija, hakuna safuwima inayoongezwa. Inaongezwa dhana, na mwenye kuiongeza si lazima awe mwandishi wa programu.

Mhadhiri wangu hakubali kuliita jambo hili uhandisi wa modeli. Anasema hapa hakuna mchoro unaozaa msimbo wa Java, na ana haki. Katika MDA modeli hugeuzwa kuwa msimbo. Katika OpenMRS programu huisoma kamusi wakati inapofanya kazi. Hata hivyo, uamuzi mkubwa ni uleule: kuyatoa mambo yanayobadilika ndani ya msimbo na kuyaweka mahali ambapo daktari anaweza kuyasoma.

Rwanda inaingia mwaka 2005, pale Partners In Health ilipoanza kazi Rwinkwavu, mashariki mwa nchi, mji uliojulikana kwa machimbo ya bati. Hamish Fraser wa shirika hilo alikwisha kufanya kazi ya mfumo wa wagonjwa wa kifua kikuu nchini Peru, na mwaka 2004 alikutana na watu wa Regenstrief wakaunganisha nguvu. OpenMRS ilianza kutumika Eldoret Februari 2006, na Rwinkwavu Agosti mwaka huohuo.

Tuutazame vizuri mwaka huo. Januari 2006 Rwanda ilipanga upya utawala wake: mikoa 12 ikawa mitano, pamoja na Jiji la Kigali, na wilaya 106 zikawa 30. Mkulima alibadilishiwa anwani akiwa amekaa barazani kwake. Mfumo ulioandikwa majina ya wilaya ndani ya msimbo ungezaliwa tayari mzee. Kisha kanuni za tiba nazo zikahama. Shirika la Afya Duniani lilipandisha kiwango cha CD4 cha kuanzia dawa hadi 350 mwaka 2010, kisha 500 mwaka 2013, na mwaka 2015 likaondoa kiwango kabisa. Rwanda ilianza kuwatibu wote mwaka 2016. Mabadiliko yote haya yanaweza kupita bila jedwali la uchunguzi kuguswa.

Sitaki kuipamba modeli. Katika jedwali lake la majina kuna nafasi ya jina la mtu na nafasi ya jina la familia, ilhali kwetu ndugu wa baba mmoja na mama mmoja mara nyingi hawana jina la pamoja. Hapo modeli ilikuja na ukoo wake kutoka ng'ambo. Pia kamusi hutaka mlinzi: vituo viwili vikiunda kila kimoja dhana yake ya "uzito", ripoti ya pamoja huhesabu nusu ya watu. Ndiyo maana zilihitajika kamusi za pamoja, kama ile ya CIEL iliyoanzia Chuo Kikuu cha Columbia. Na swali la mamlaka halikuondoka, lilihama tu. Zamani ulimwomba mwandishi wa programu; sasa unamwomba mwenye kamusi. Muuguzi aliyekuwa akiandika pembeni mwa karatasi hana tena pembeni.

Kikundi chetu kiliutengeneza upya ule mfumo kwa kamusi ndogo ya dhana 41. Muuguzi mkuu aliukagua, akauliza ataandika wapi jambo ambalo halimo katika orodha. Tulimwekea kisanduku kitupu cha "maelezo mengine" chini ya kila fomu. Nilipopita pale mwezi uliopita, hakuna kisanduku kilichojazwa kuliko hicho, na sisi hatujui bado namna ya kukihesabu.