Mluzi wa Mrina-asali: Historia ya Ishara baina ya Mtu na Ndege

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya ishara ya sauti itumikayo baina ya binadamu na ndege, na kuonyesha kwa nini historia hiyo yawahusu wanaisimu na si wataalamu wa wanyama peke yao. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Kasapa hufundishwa, kama tulivyofundishwa sisi, kwamba lugha ni mfumo wa sauti za nasibu ambazo jamii ya watu imekubaliana kuzitumia. Fasili hiyo yasimama juu ya nguzo mbili, yaani unasibu na makubaliano, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba nje ya jamii ya watu nguzo hizo hazipatikani.

Wanaotaka kuitikisa fasili hiyo kwa kawaida hutaja tumbili wa Amboseli, nchini Kenya. Mwaka 1967 Thomas Struhsaker alichapisha maelezo ya milio yao ya tahadhari. Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walieleza jinsi walivyowasikilizisha tumbili milio iliyonaswa kwenye kanda, pasipo adui yeyote kuwapo. Waliposikia mlio wa chui walikimbilia mitini. Wa tai, waliangalia juu. Wa nyoka, walichunguza ardhi. Jambo hilo ni kubwa, maana lilionyesha kwamba mlio waweza kubeba habari za kitu fulani, wala si hofu tupu. Hata hivyo, mwanaisimu mkali ana jibu lake: milio yenyewe, kwa kiasi kikubwa, tumbili huzaliwa nayo. Anachojifunza akikua ni kuitumia mahali pake, kwani mtoto wa tumbili huweza kupiga mlio wa tai kwa ndege asiye na madhara. Hapo makubaliano hayapo. (Msomaji wa Kongo atapenda kujua kwamba mwaka 2025 ulichapishwa utafiti juu ya bonobo wa Kokolopori, jimboni Tshuapa, unaoeleza kuwa sokwe hao huunganisha milio kwa namna ambayo maana ya mmoja hurekebisha maana ya mwingine. Hiyo yastahili makala yake yenyewe.)

Kwa maoni yetu, mfano wenye uzito zaidi ni wa mlembe, ndege mdogo wa rangi ya kijivu aongozaye watu kwenye nyuki, ambaye hupatikana pia katika miombo ya Katanga. Mlembe hula nta na majana, na ni miongoni mwa viumbe wachache wanaoweza kuisaga nta tumboni. Anajua nyuki waliko, lakini hana nguvu ya kupasua gogo wala kinga ya kutosha dhidi ya miiba yao. Mtu ana shoka na moshi, lakini hajui nyuki waliko. Basi ndege humjia mtu akipiga kelele, akiruka kutoka mti hadi mti. Mtu humfuata, hurina asali, na ndege hupata masega yaliyobaki.

Habari hizi ziliandikwa mapema. João dos Santos, mmisionari wa Kidominiko kutoka Ureno aliyekaa Sofala mwishoni mwa karne ya 16, alisimulia katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1609 juu ya ndege aliyeingia kanisani kudonoa nta ya mishumaa, na juu ya desturi ya ndege huyo kuwaongoza watu kwenye asali. Anders Sparrman wa Sweden aliandika habari za mlembe mwaka 1777, na Herbert Friedmann wa Marekani akatoa kitabu kizima mwaka 1955. Katika maandishi hayo mrina-asali ni mtoa habari. Anaulizwa, anajibu, na jibu lake linabaki kuwa simulizi.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1989, pale Hussein Isack, mtafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, alipochapisha pamoja na Heinz-Ulrich Reyer matokeo ya kazi yao kati ya Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Waborana walisema kwamba wakimtazama ndege na kumsikiliza wanajua mzinga uko upande gani, uko mbali kiasi gani, na lini wameufikia. Watafiti hawa wawili hawakuyaandika maneno hayo kama ngano, waliyapima. Waliona kwamba ndege huelekea kweli kwenye mzinga, na kwamba kadiri unavyokaribia ndivyo anavyotua karibu-karibu na chini zaidi, na akifika hubadilisha mlio. Bila ndege, Waborana walitumia kwa wastani saa 8.9 kuupata mzinga. Wakiwa na ndege, saa 3.2. Nao kwa upande wao walikuwa na mluzi mkali wa kumwita, waliouita *fuulido*, waliopuliza katika viganja vilivyofumbatwa, katika makoa ya konokono au katika kokwa za mkoma zilizotobolewa. Mluzi huo husikika zaidi ya kilometa moja.

Lilibaki swali moja: je, ndege huuelewa mluzi, au huvutwa na kelele yoyote ya mtu? Jibu lilitoka Niassa, kaskazini mwa Msumbiji. Huko Wayao humwita mlembe kwa mtetemo wa ulimi unaomalizikia kwa mguno, sauti ambayo wanasema walirithishwa na baba zao. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode pamoja na Keith na Colleen Begg walieleza jaribio lao: walitembea porini pamoja na warina-asali huku wakipiga kwa chombo ama sauti hiyo, ama maneno ya kawaida ya watu, ama mlio wa ndege mwingine. Kwa sauti ya Kiyao, uwezekano wa kuongozwa na ndege ulipanda kutoka asilimia 33 hivi hadi 66, na uwezekano wa kuonyeshwa mzinga ulitoka asilimia 16 hadi 54. Ndege alitofautisha ishara na maneno matupu.

Lakini tunaloliona kuwa kiini cha historia yote lilichapishwa mwishoni mwa mwaka 2023. Spottiswoode na Brian Wood walilinganisha Niassa na vilima vya Kidero nchini Tanzania, ambako Wahadza humwita ndege huyohuyo kwa mluzi wenye lahani. Katika kila sehemu walizipiga ishara zote mbili. Ndege wa Kidero waliitikia mluzi wa Kihadza zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya Kiyao. Wa Niassa waliitikia sauti ya Kiyao karibu mara mbili kuliko mluzi wa Kihadza. Ndege ni wa aina moja. Kilichotofautiana ni mapokeo ya watu.

Yafaa tutue hapa kidogo. Hakuna sababu ya kimaumbile kwa nini mtetemo wa ulimi umaanishe “twende tukarine” Niassa na mluzi umaanishe hivyo Kidero. Huo ndio unasibu. Wala ndege hakufundishwa na wazazi wake, maana mlembe hutaga katika viota vya ndege wengine, na kinda hulelewa na mama wa kambo asiyejua lolote kuhusu asali. Tabia ya kuongoza yaonekana kuwa ya kuzaliwa, ila maana ya ishara ya mahali, kwa maoni ya watafiti, hujifunza kwa kukaa na watu wa mahali hapo. Kiswahili kina kitenzi kinachofaa kuliko istilahi nyingi tulizotohoa: kusikilizana, ambako ni kusikia kwa zamu na pia kupatana. Sisemi kwamba ndege ana lugha. Nasema kwamba makubaliano, nguzo ya pili ya fasili yetu, yameonekana kuweza kumwingiza mshiriki asiye binadamu, na hilo latosha kuifanya fasili iandikwe upya kwa uangalifu zaidi.

Ishara ya namna hii huishi kwa kutumika. Pahali pengi barani ambapo watu wameacha asali ya mwitu na kununua sukari, mazoea haya yamefifia. Kwetu hatari ni kubwa zaidi, kwani msitu wenyewe unaondoka: miombo inayouzunguka mji wa Lubumbashi imekatwa mwaka baada ya mwaka kwa ajili ya makala. (Wenzetu wa Dar es Salaam watavumilia, neno ambalo kwao ni maandishi, huku kwetu ni mkaa.) Tafiti tulizozieleza juu ya mlembe zilifanyika Kenya, Msumbiji na Tanzania. Mwanafunzi wa isimu atafutaye mada ya tasnifu angeweza kuanzia Katanga, kijiji kwa kijiji: nini hupulizwa, nini hupigwa mluzi, nini hugongwa, nani alimfundisha nani, na wapi mpaka wa ishara moja na nyingine. Orodha ya majina ya ndege katika Kisanga, Kilamba au Kibemba ni jambo jema, lakini jina ni neno ambalo watu huambiana juu ya ndege. Mluzi ndio aambiwao ndege mwenyewe, nao hauingii katika orodha ya maneno. Wahitaji kinasa sauti, na mrina-asali aliye tayari kutoka nawe alfajiri.