Asili ya SQL na Kipimo cha Masomo Yake

Masomo ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, yaliyoenea katika intaneti ni mengi mno, na aghalabu mwanafunzi huyapima kwa wepesi wake, yaani ni lipi litakalomfikisha upesi kwenye jibu la kwanza. Kipimo hicho ni haba, na mwenye kuisoma tarehe ya fani hii atatambua sababu.

Kabla ya mwaka 1970, aliyetaka habari kutoka katika hifadhidata kubwa, mathalan IMS ya kampuni ya IBM, ambamo kumbukumbu zilipangwa kwa nasaba, mzazi juu na watoto chini yake, ilimlazimu aijue njia ya kuzifikia hatua kwa hatua, na mpangilio ulipobadilishwa, programu yake ikaharibika. Juni ya mwaka huo Edgar F. Codd, mwanahisabati Mwingereza aliyekuwa rubani katika Vita Kuu ya Pili kabla ya kuajiriwa na IBM, alitoa makala ya kurasa 11 katika jarida la Communications of the ACM, akabainisha kwamba habari zote zaweza kuwekwa katika majedwali yaliyojengwa juu ya nadharia ya seti, na kwamba yamtosha muulizaji kutaja analolitaka, njia ya kulifikia akaiachia mashine.

Hisabati hiyo iliwatisha wengi. Ndipo Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM wakatunga lugha yenye maneno ya Kiingereza cha kawaida, ili hata asiye mwanahisabati aweze kuuliza, wakaitangaza mwaka 1974 kwa jina la SEQUEL. Mwaka ule ule Boyce akafariki angali kijana, na baadaye jina likafupishwa kuwa SQL kwa kuwa lile la awali lilikuwa chapa ya kampuni moja ya Uingereza ya kuunda ndege. Mwaka 1979 programu ya Oracle ikaingia sokoni, na mwaka 1986 shirika la viwango la Marekani, ANSI, likaiidhinisha lugha hiyo. Ila Codd mwenyewe hakuridhika nayo, kwani iliruhusu mstari mmoja urudiwe katika jedwali, jambo lisilokubalika katika seti.

Masomo mengi ya leo yameurithi wepesi ule na kuuacha msingi. Tuyatazame majedwali ya EMP na DEPT, ambayo vizazi vya wanafunzi wa Oracle wamejifunzia. Katika EMP mna wafanyakazi 14, na kwenye safu wima ya MGR kila mmoja ameandikiwa nambari ya mkubwa wake, isipokuwa KING, rais wa kampuni, ambaye hana mkubwa, na mahali pake pameachwa patupu. Mwambie aliyehitimu somo la haraka aorodheshe wale wasiomsimamia mtu: ataandika NOT IN, yaani wale ambao nambari zao hazimo katika safu ya MGR, na badala ya majina 8 hatapata hata moja. Utupu wa KING ndio sababu, maana mashine ikiulizwa kama nambari fulani ni tofauti na kitu kisichojulikana, haiwezi kusema ndiyo wala la, na mstari usiopata ndiyo hutupwa. Wala hapatatangazwa kosa lolote; orodha itatoka tupu, na mkuu wa ofisi ataisadiki. Kwa hiyo nikilipata somo jipya hutafuta kwanza linasema nini juu ya utupu, na lisiposema kitu simshauri mtu alifuate.

Kwa mizani hiyo, somo lililomo katika nyaraka za PostgreSQL, hifadhidata iliyochipuka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa juhudi za Michael Stonebraker na wenzake, nalitanguliza mbele ya mengi yenye mapambo. Halina nishani wala michezo. Mapema kabisa humweleza mwanafunzi kwamba jedwali, kwa lugha ya hisabati, ni uhusiano, na kwamba mistari yake haina mpangilio ulioahidiwa. Kisha humpa majedwali mawili, la hali ya hewa na la miji, na anapoyaunganisha mji wa Hayward hutoweka. Papo hapo huambiwa kwamba haukuandikwa katika jedwali la miji, ndipo afundishwe muungano wa nje unaourejesha, na kuacha utupu mahali pa habari za mji zilizokosekana. Sura inayofuata huweka ufunguo wa kigeni, ikajaribu kuingiza hali ya hewa ya Berkeley, mji usiomo katika jedwali, na hifadhidata huikataa.