Mvuke kwenye nafaka ya mifugo ulianzia wapi?

Ndugu mfugaji wa Masuguru, kabla hujanunua gunia jingine la mkaa ili uchemshie mahindi ya mifugo, soma historia hii kidogo.

Kupikia mifugo si jambo jipya. Karne ya 19, wakulima wengi wa Marekani walipikia nguruwe wao nafaka, wakiamini mahindi yaliyoiva hunenepesha zaidi. Vituo vya utafiti vilipokuja kupima, nguruwe waliokula mahindi bila kupikwa kwa kawaida hawakuachwa nyuma. Kuni zilikuwa zimeteketea bure. Viazi ndivyo vilivyolipa gharama ya moto.

Mvuke ulipata heshima upya mwanzoni mwa miaka ya 1960, safari hii kwa ng'ombe wa kunenepeshwa, na hasa kwa mtama. Mtama unaujua: punje ngumu, na wanga wake umebanwa ndani ya protini. Ng'ombe akila punje nzima, nyingi utaziona kwenye kinyesi. W. H. Hale na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona waliuweka mtama kwenye mvuke mpaka ukalainika, kisha, ukiwa bado wa moto, wakaubana kati ya magurudumu mazito ya chuma. Ulitoka bapa, mwembamba. Wanga ukafunguka, na vijidudu vya tumbo la ng'ombe vikaufikia kwa urahisi.

Angalia hapo kwenye "kisha". Zamani watu walipitisha nafaka kwenye mvuke kwa dakika chache na kuiponda kidogo tu, na faida ilikuwa ndogo. Mvuke na kubana vinakwenda pamoja.

Magurudumu hayo wewe huna, wala mimi. Kwa hiyo mtama au mahindi ya ng'ombe peleka mashineni yaparazwe, yasiwe unga laini, na umzoeshe ng'ombe kidogo kidogo. Mbuzi hutafuna punje vizuri kuliko ng'ombe, huyo usimsumbukie.

Sufuria yako itunze kwa ajili ya soya. Mwaka 1917, Osborne na Mendel huko Marekani walionyesha kwamba panya hukua vizuri wakila soya iliyopikwa, lakini si mbichi. Kuku na nguruwe ni vivyo hivyo.

Nawe mfanyabiashara unayepokea mahindi yaliyoota ukungu: mvuke hauondoi sumukuvu. Usiyachemshe ukayauza kama chakula cha mifugo.