Oili katika injini ya mipigo miwili ya pikipiki za magurudumu manne

Oili ya injini ya mipigo miwili ni mafuta ya kulainisha yanayoungua pamoja na petroli ndani ya injini inayokamilisha mzunguko wake kwa mipigo miwili ya pistoni: mmoja wa kupanda na mmoja wa kushuka. Katika pikipiki za magurudumu manne zenye injini ya aina hii, oili hukaguliwa mahali pawili: ile ya kulainisha pistoni na krenki, na ile ya giaboksi. Oili hizo mbili ni tofauti, na moja haiwezi kufanya kazi ya nyingine.

Mifano inayojulikana ni Yamaha Banshee 350 na Yamaha Blaster 200, zilizouzwa Marekani hadi mwaka 2006. Baadaye injini za mipigo minne zilichukua nafasi yake, kwa sehemu kubwa kutokana na sheria za kupunguza moshi. Hata hivyo, nyingi za zamani bado zinatumika na kukarabatiwa.

Kwa nini oili huchanganywa na petroli

Katika injini ya mipigo minne, oili hukaa chini ya injini na kuzungushwa tena na tena. Katika injini ya mipigo miwili hilo haliwezekani, kwa sababu mchanganyiko wa hewa na petroli hupitia kwanza ndani ya kasha la krenki kabla ya kupanda kwenye silinda. Kwa hiyo oili husafiri na petroli, hulainisha beringi, ringi na ukuta wa silinda, kisha huungua na kutoka na moshi. Kila tone hutumika mara moja tu. Oili ikikatika, injini haina akiba yoyote.

Njia mbili za kuingiza oili

Njia ya kwanza ni kuchanganya oili na petroli kabla ya kujaza tangi. Banshee za Marekani hutumia njia hii. Njia ya pili ni pampu ndogo inayovuta oili kutoka tangi lake na kuongeza kiasi kadiri akseleta inavyofunguliwa. Yamaha ilianza kutumia mfumo huo, uitwao Autolube, katika pikipiki zake mwaka 1964, na Blaster ilitengenezwa ikiwa nao.

Baadhi ya wenye Blaster huondoa pampu na kuanza kuchanganya wenyewe. Kwa sababu hiyo, anayenunua pikipiki iliyokwisha kutumika hana budi kuhakikisha kama pampu ipo na inafanya kazi. Akijaza petroli tupu akidhani pampu ipo, injini inaweza kuharibika katika safari ya kwanza.

Uwiano wa mchanganyiko

Uwiano wa 32:1 una maana ya sehemu 32 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Kwa lita 5 za petroli, kiasi cha oili ni:

• 20:1 – mililita 250
• 32:1 – mililita 156
• 40:1 – mililita 125
• 50:1 – mililita 100

Uwiano unaofaa ni ule uliotajwa katika kitabu cha mtengenezaji. Oili hupimwa kwa chombo chenye alama, wala si kwa kukisia. Oili ikizidi, plagi huchafuka, moshi huongezeka na masizi hujaa kwenye ekzosi. Tena, oili nyingi hupunguza petroli inayopita kwenye jeti ya kabureta, hivyo hewa huzidi na silinda inaweza kupata joto kali.

Ukaguzi

Kwenye injini yenye pampu, tangi la oili hutazamwa kabla ya kila safari. Injini iliyoishiwa oili huendelea kunguruma kama kawaida kwa muda, na dalili ya kwanza huweza kuwa uharibifu wenyewe. Tangi likikauka, hewa iliyoingia kwenye mpira wa oili lazima itolewe. Wakati wa kazi hiyo injini huwashwa kwa petroli iliyochanganywa oili. Waya wa pampu nao hukaguliwa ili alama zake zilingane.

Oili ya giaboksi hupimwa pikipiki ikiwa mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa na oili imetulia. Kwa kuwa klachi huzama ndani ya oili hiyo, hutumika oili iliyokusudiwa kwa klachi za namna hiyo, kwa mfano yenye alama ya JASO MA. Oili yenye viungo vya kupunguza msuguano huweza kuifanya klachi iteleze.

Kwa mchanganyiko wa petroli, alama za JASO FC na FD huonyesha oili yenye moshi mdogo. Oili yenye alama ya TC-W3 ilikusudiwa mashine za boti zinazopozwa kwa maji, na haifai kwa injini ya kasi inayopozwa kwa hewa.

Dalili za hatari

• Oili ya giaboksi hupungua bila kuvuja nje, na moshi mweupe huzidi: sili ya krenki upande wa klachi huenda imechoka, na injini inavuta oili hiyo na kuichoma.
• Oili ya giaboksi ina rangi ya maziwa: maji yameingia.
• Injini hupandisha kasi yenyewe: huenda sili ya upande wa pili inaingiza hewa.

Oili ikikosekana, pistoni hutanuka na kukwama ndani ya silinda. Mafundi husema injini imenoki. Magurudumu ya nyuma huweza kufunga ghafla na kumwangusha dereva, ambaye anapaswa kubana klachi mara moja. Hatari hiyo ipo pia kwenye mteremko mrefu: akseleta ikifungwa muda wote, injini inayotegemea mchanganyiko hupata petroli kidogo, na kwa hiyo oili kidogo. Madereva wazoefu hufungua akseleta kidogo mara kwa mara wanaposhuka.

Oili chafu ya giaboksi hukusanywa kwenye chombo chenye kifuniko. Haimwagwi ardhini wala mtoni.