Kabla Ununue Diski za Vipande Viwili

Jumapili moja mwaka jana tulikuwa tunateremka ile barabara ya zamani ya Mai Mahiu, mimi na binamu yangu, kwa Subaru Impreza WRX STI yake. Ameweka ekzosi, ameguswa kompyuta ya injini na fundi wake, gari inatoka kama imetumwa. Tunapita malori, kona, breki, kona, breki. Tulipofika kama nusu ya mteremko akakanyaga pedo ikaenda chini laini, kama anakanyaga mandazi. Hakusema kitu. Akashusha gia, tatu, halafu pili, injini ikapiga kelele, tukajibanza nyuma ya lori la mbao mpaka chini kabisa, pale kwa kale kakanisa walikojenga mateka wa vita Waitaliano mwaka 1942. Tukasimama. Moshi ulikuwa unatoka kwa gurudumu la mbele na ile harufu ilikuwa ya kuchoma pua.

Kitu cha kwanza alichosema: "Dogo, nanunua diski za vipande viwili."

Nikamwambia atulie kwanza. Nimeacha chuo mwaka wa pili, uhandisi, na mama bado hajanisamehe, lakini somo la joto na metali sikuliacha. Na kitu nimegundua ni kwamba huwezi kujua kama unahitaji hizo diski kama hujui zilitoka wapi.

Anza na hii. Breki haisimamishi gari kwa uchawi. Inachukua mwendo inaugeuza kuwa joto, basi. Na mwendo una hesabu mbaya: ukienda 160 badala ya 80, joto la kutupwa haliongezeki mara mbili, linaongezeka mara nne. Hiyo joto lazima iende mahali. Inaenda kwa chuma, na chuma kikipata moto kinapanuka. Shida karibu yote ya historia ya breki ni hiyo, chuma kupanuka na watu kutafuta pa kukiachia nafasi.

Gari za kitambo zilikuwa na dramu, kama zile ziko nyuma ya matatu nyingi mpaka leo. Viatu viko ndani, vinasukuma ukuta wa dramu kwa nje. Sasa ukikanyaga sana, dramu inapata moto, inapanuka, ukuta unavikimbia viatu. Wewe unakanyaga zaidi, wenyewe unaenda mbali zaidi. Na joto limefungiwa ndani kama githeri kwa sufuria iliyofunikwa.

Mwingereza mmoja, Frederick Lanchester, alikuwa ameona njia nyingine mapema sana. Mwaka 1902 kule Birmingham alisajili uvumbuzi wake wa breki ya diski: sahani ya chuma inazunguka kwenye hewa wazi, inabanwa pande mbili. Wazo safi kabisa. Lakini vitu vya kubania vilikuwa metali pia, kwa hivyo zilipiga makelele, na barabara za wakati huo zilikuwa vumbi tupu lililokula kila kitu. Wazo likakaa miaka karibu hamsini. Ndege ndizo zililirudisha, kwa sababu ndege ikitua haina mjadala.

Dunlop, waliokuwa wanatengeneza breki za ndege, wakashirikiana na Jaguar. Mwaka 1952 Stirling Moss akashinda mbio za Reims, Ufaransa, na Jaguar C-Type yenye diski. Mwaka uliofuata, Le Mans, saa 24 za mbio, Tony Rolt na Duncan Hamilton wakashinda na C-Type yenye diski magurudumu yote manne. Wastani wao ulipita maili 100 kwa saa, kitu hakijawahi kuonekana pale. Si ati injini yao ilikuwa ya miujiza. Walikuwa wanaweza kungoja zaidi kabla ya kukanyaga breki, lap baada ya lap, usiku na mchana, na pedo bado iko.

Halafu 1955. Hapa nataka usome polepole.

Tarehe 11 Juni, Le Mans tena. Mike Hawthorn yuko mbele na Jaguar D-Type, ana diski. Anaamua kuingia kujaza mafuta, anafunga breki. Lance Macklin yuko nyuma yake na Austin-Healey, anakwepa kushoto. Kushoto huko Mercedes ya Pierre Levegh inakuja kwa kasi kubwa, inagonga nyuma ya Austin-Healey, inaruka, inavunjika ikielekea kwa watazamaji. Levegh alikufa na watu zaidi ya 80 wakafa. Mercedes ile ilikuwa na breki za dramu, pamoja na bawa kubwa nyuma lililoinuka kushika hewa kusaidia kupunguza mwendo. Uchunguzi haukumlaumu dereva yeyote. Lakini watu wanabishana mpaka leo kuhusu zile sekunde, kwa sababu kwenye lami moja kulikuwa na gari ambazo hazisimami sawa. Kila nikiwa Thika Road nafikiria hiyo. Wewe una breki za Brembo, msee wa nyuma ana pedi za bei ya chai.

Mwaka huohuo Citroën ikatoa DS, na diski za mbele zikaanza kufika kwa gari la mtu wa kawaida. Hapo zikaenea. Leo hata Vitz ya mtumba iko nazo mbele.

Sasa, mbona tena vipande viwili?

Diski ya kawaida imemiminwa kipande kimoja. Kuna ile sahani pana pedi inapobana, na kuna kofia ya katikati inayofungwa kwa habu na nati za gurudumu. Sahani inapata moto, kofia inabaki na ubaridi kiasi. Sahani inataka kupanuka, kofia inaikataza. Chukua diski ya mbele ya STI, milimita 326. Ikipanda digrii 500 inataka kuongezeka karibu milimita 1.8 kwa upana. Inaonekana kidogo, eh? Lakini imeshikwa upande mmoja tu, kwa hivyo inajipinda, inakuwa kama sahani ya supu. Pedi haigusi sawa tena. Sehemu zingine zinaungua kuliko zingine, usukani unaanza kutetemeka, ndipo fundi anakwambia "diski imepinda" na anaipeleka kuchongwa.

Watu wa mbio wakasema, basi tuwatenganishe. Sahani ibaki chuma, kofia iwe alumini, katikati kuwe na vishikizo vidogo vinaitwa bobini, vinavyoiachia sahani nafasi ya kukua kwenda nje bila kujikunja. Ndiyo hiyo tunaita diski inayoelea. Ukiona pikipiki kubwa ya mbio angalia diski ya mbele, utaona vile vifungo vya duara vimezunguka. Faida ya pili ni uzito. Chuma ni kizito zaidi ya mara mbili na nusu ya alumini, na uzito huu uko chini ya springi, mahali ambapo kila kilo inasumbua gurudumu likipita shimo. Honda walipoisafisha Civic Type R mwaka 2020, waliiwekea diski za mbele za vipande viwili, milimita 350, na wakapunguza zaidi ya kilo 2 kwa magurudumu ya mbele. Golf R ya kizazi cha nane nayo ikaja na kofia za alumini. Kitu cha mbio kimeshafika kwa gari ya kubeba shopping.

Kwa hivyo binamu yangu yuko sahihi? Zii.

Pedo yake ilikuwa laini. Hiyo si diski kupinda, hiyo ni mafuta ya breki kuchemka. Yakichemka yanakuwa na mapovu, na wewe unabana mapovu badala ya kubana pedi. Mafuta mapya ya DOT 4 yanatakiwa kuvumilia angalau digrii 230. Yakikaa miaka yakinyonya unyevu wa hewa kiwango hicho kinaanguka, na kipimo cha DOT 4 iliyonyonya maji ni 155 tu. Nilimuuliza alibadilisha lini mara ya mwisho. Akaangalia mlima.

Kama pedo ingekuwa ngumu lakini gari haisimami, ningesema ni pedi zimeungua. Kama usukani ungetetemeka kila akifunga kutoka mwendo wa juu, na diski mpya nzuri zimerudia hivyo, hapo ndiyo tungeanza kuongea vipande viwili. Vivyo hivyo kama angekuwa anaenda kwa mbio za saketi, lap ishirini bila kupumzika.

Na hata hapo, usinunue kwa macho. Uliza kama sahani inaelea kweli au imefungwa bolti kavu kwa kofia. Hiyo ya pili inakupa wepesi tu, kupinda iko palepale. Uliza kama sahani inauzwa peke yake ikiisha, maana zingine zimepigwa pini, ukimaliza sahani unatupa kofia nzima ya alumini. Jua zitapiga kelele kidogo, tik-tik, kwa matuta, na vumbi letu litaingia kwa bobini, lazima mtu azikague. Na pima rimu. Gari za rali zikikuja Naivasha kwa changarawe zinavaa rimu za inchi 15, na breki lazima iwe ndogo itoshee ndani. Zikienda lami Ulaya zinavaa inchi 18 na diski kubwa. Colin McRae alishinda Safari ya 1997 na Impreza. Binamu alikuwa mtoto wakati huo, na ndiyo sababu ananunua Subaru mpaka leo, lakini breki za gari ile zilichaguliwa na barabara, si na picha.

Tulienda Kirinyaga Road siku ya Jumanne. Pedi nzuri za mbele, mafuta mapya ya DOT 4, diski za kipande kimoja zenye kipimo kile kile cha kiwanda. Fundi akatoa mafuta ya zamani kwa chupa ya soda, yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi. Pesa iliyobaki ilikuwa nyingi, na binamu hakufurahi, alitaka kitu cha kuonekana kupitia rimu.

Wiki iliyofuata tukateremka tena Mai Mahiu. Safari hii alianza gia ya tatu kutoka juu. Tulipofika kwa kanisa akakanyaga mara tatu, polepole, akisikiliza. Pedo ilikuwa juu palepale.