Manowari za Rufiji na Mizinga ya Kondoa

Wanafunzi wa historia katika Mbulu na Hanang huweza kudhani kwamba habari za manowari ni za watu wa pwani peke yao. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Kazi iliyofanywa na manowari mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, katika Rufiji mwaka 1915, ilileta matokeo yaliyopanda bara hadi kwa majirani zetu wa Kondoa.

Kwanza, tuzitazame manowari zenyewe. Zilijengwa Barrow, Uingereza, na kampuni ya Vickers kwa ajili ya mito ya Brazili. Vita vilipoanza Agosti 1914, serikali ya Uingereza ilizinunua. Zilihitaji kina cha maji kisichofika meta 2, nazo zilichukua mizinga mikubwa kuliko umbo lao. Kwa hiyo zilifaa kupiga nchi kavu kutoka karibu na ufuko. Oktoba 1914 zilikuwa pwani ya Ubelgiji, zikiwapiga askari wa Kijerumani.

Wakati huo manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, ilikuwa imeizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kati ya mikoko ya Rufiji. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata katika maji machache. Ndipo Severn na Mersey zikakokotwa kutoka Malta kupitia Suez, zikafika Mafia Juni 1915.

Shambulio la kwanza, tarehe 6 Julai, halikufanikiwa. Mersey ilipigwa na mabaharia wake kadhaa wakafa. Tarehe 11 Julai zilirudi. Wapigaji hawakuiona shabaha yao, bali waliongozwa na ndege zilizotoka Mafia. Ndege ya Cull na Arnold ilipopigwa, wawili hao waliendelea kutuma maelekezo huku wakianguka mtoni, wakaokolewa na mashua ya Mersey. Siku hiyo Looff aliamuru meli yake iliyoharibika izamishwe.

Hata hivyo, ushindi huo wa majini ulikuwa na upande wa pili. Wajerumani waliiopoa mizinga yote 10 ya Königsberg, wakaitengenezea magurudumu Dar es Salaam, wakampa Lettow-Vorbeck. Aprili 1916 majeshi ya van Deventer yalishuka kutoka Arusha kupitia Lolkisale na Ufiome, yakaitwaa Kondoa tarehe 19. Usiku wa tarehe 9 Mei Wajerumani walijaribu kuirudisha, wakashindwa. Na katika mapigano ya Kondoa mizinga ya baharini ilinguruma mamia ya kilometa kutoka baharini.

Severn na Mersey ziliendelea kusaidia kutwaliwa kwa miji ya pwani mwaka 1916, kati yake Bagamoyo. Baadaye zilipelekwa mto Danube, na mwaka 1921 ziliuzwa kuwa vyuma chakavu.

Sasa tujiulize: nani aliibeba historia hii? Palipokwisha reli, mizinga, risasi na chakula vilihitaji mabega ya watu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa na maradhi. Mzinga mmoja wa Königsberg umehifadhiwa Fort Jesus, Mombasa, na kila mgeni huambiwa jina la meli yake. Wapagazi wanatajwa kwa jumla tu katika sanamu ya Askari, iliyowekwa Dar es Salaam mwaka 1927.

Waliovishuhudia vita hivyo hawapo tena, lakini wajukuu wao wapo. Tunawasihi wanafunzi wetu, waendapo likizo, wawaulize wazee wa ukoo nani alichukuliwa kubeba mizigo na kama alirudi, kisha waandike jina lake. Ikiwa chuma kina jina, haifai binadamu akose lake.