Rahisi ya bei, rahisi ya kutumia

Neno "rahisi" lina maana mbili, unafuu wa bei na wepesi wa kufanya, na anayechagua toleo la mfumo wa kompyuta wa Linux kwa mara ya kwanza hana budi kuzitenganisha. Kwa bei, Ubuntu, Mint na Arch ni sawa: zote hupakuliwa bure. Kwa wepesi zinaachana mbali. Arch, kwa njia yake ya kawaida, humtaka mtu agawe diski kwa kuandika amri. Linux Mint, iliyoanza 2006 juu ya msingi wa Ubuntu, huweka menyu kwenye kona ya chini kushoto, pale pale aliyezoea Windows 10 anapoitafuta. Ndiyo ninayoipendekeza.

Wapo wasemao ugumu hufundisha. Ni kweli, ila karani anayetaka kuchapa barua leo hajaomba somo hilo. Hoja nzito zaidi ni kwamba Ubuntu ina maelekezo mengi. Lakini mengi ya hayo hufaa kwenye Mint pia, kwa kuwa msingi ni mmoja. Muhimu ni kuiwasha kwanza kutoka kwenye flashi, bila kusakinisha, ujaribu Wi-Fi, sauti na printa. Kimoja kikikataa, zima kompyuta, chomoa flashi, na Windows utaikuta kama ulivyoiacha.